Shangazi, nimekabidhiwa wanafunzi wa kijeshi na sijui nianzie wapi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Tanga, nina miaka 22. Nasoma mwaka wa pili katika chuo cha jamii huku jimbo la Washington, Marekani, upande wa Tacoma, si mbali na kambi kubwa ya jeshi ya Lewis-McChord. Nipo kwa viza ya mwanafunzi. Mwezi wa tano nilichaguliwa kuwa seneta kwenye serikali ya wanafunzi, na kusema kweli nilikuwa naitaka kamati ya michezo. Siku ya kugawana kazi basi likanichelewesha. Nilipofika kamati zote zinazopendwa zilishachukuliwa, imebaki moja: wanafunzi wenye uhusiano na jeshi. Nikapigiwa makofi kana kwamba nimeshinda kitu.

Jeshi mimi nalijua kwa JKT tu. Baada ya kidato cha sita nilikwenda Mgambo, Handeni, nikakimbia mchakamchaka, nikaitwa kuruta, nikarudi nyumbani na malengelenge ya buti. Kwetu, kama unavyojua, raia akikutana na mwanajeshi anampisha njia, na ukikutwa umevaa hata kofia ya kombati utajuta. Huku watu wanabeba begi la kombati kwenda maktaba. Wiki zangu za kwanza nilikuwa nawapisha kwenye ngazi, wao wananishangaa.

Basi ilipokaribia tarehe 11 Novemba, Siku ya Maveterani, nikaandaa shughuli. Ilibidi iwe siku moja kabla, maana yenyewe ni sikukuu na chuo hufungwa. Nikaagiza keki yenye bendera, maputo ya rangi tatu na kipaza sauti. Nikamwomba baba mmoja wa makamo, anasomea ufundi wa viyoyozi, atusimulie maisha yake vitani. Alikataa kwa upole, ila akaja kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Waliohudhuria walikuwa wachache, na nusu yao ni maseneta wenzangu. Katikati ya hotuba ya rais wa serikali yetu ya wanafunzi puto likapasuka. Yule baba akaweka kikombe chake cha kahawa sakafuni, akasimama, akatoka. Hakurudi.

Kesho kutwa yake nikamfuata kumwomba radhi. Akaniambia, "Keki ilikuwa nzuri. Lakini hela yangu ya nyumba haijaingia, dirisha la ofisi ya maveterani linafungwa saa kumi, na mimi natoka karakana saa kumi na nusu." Akaondoka zake. Shangazi, nilijisikia vibaya mno.

Tangu hapo kila ninakogeuka nakutana na tatizo jipya. Kuna kijana wa Eldoret, kaka yangu wa Kiswahili huku, yuko kwenye Walinzi wa Taifa (National Guard) wa jimbo, askari wa muda wanaoitwa wakihitajika. Mafuriko yalipokuja mwezi huu aliitwa siku tisa kujaza mifuko ya mchanga kando ya mto. Aliporudi akakuta sifuri ya testi ya maabara, na mwalimu anasema sheria ya darasa lake ni moja kwa wote: usipokuwepo, umekosa. Kuna dada mwingine mume wake kapelekwa Korea Kusini, yuko peke yake na watoto wawili. Juzi alikuja darasani na mdogo, mwalimu akamtazama mpaka akatoka mwenyewe. Nilipomwambia aje kwenye kamati yangu akasema, "Mimi si wa kijeshi, mimi ni mke tu."

Maseneta wenzangu wanataka bajeti yote ya kamati iende kwenye ukuta wa heshima wenye majina na picha. Tunapiga kura mwezi wa pili. Rafiki yangu wa Goma ananiambia hawezi kukanyaga shughuli yenye watu wa bunduki, alivyoviona kwao vinamtosha. Na kwenye kundi letu la wanafunzi wa kigeni kuna wanaoniita kibaraka wa mabeberu, eti nalipamba jeshi la Marekani.

Nimechoka. Najiuliza nijiuzulu kamati wapewe Wamarekani wenyewe. Au nifanye nini?

Ni mimi,
Seneta wa Keki, Tacoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole na maputo.

Soma tena alichokuambia yule baba. Wewe umesikia lawama. Mimi nimesikia mtu anakupa orodha ya kazi bila kuombwa: hela haijaingia, na dirisha linafungwa kabla hajatoka darasani. Mwaka mzima wa useneta unaweza kuishia kwenye mambo hayo mawili na ukawa umefanya kuliko wengi waliokutangulia. Shangazi yako niliwahi kukaa nyuma ya dirisha la namna hiyo, kwenye chuo kimoja kule Texas karibu na kambi, na sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyekuja kuulizia ukuta wa heshima. Walikuja na bahasha za mwenye nyumba.

Kwanza ujue unaowatumikia ni nani, maana naona unawatafuta wanaume wenye buti. Wapo waliokwisha kutoka jeshini, hao ndio maveterani. Wapo walio kazini bado, wanasoma jioni wakitoka kambini. Wapo Walinzi wa Taifa na askari wa akiba kama huyo kaka yako wa Eldoret, ambao mwezi una wikendi yake ya mazoezi na mwaka una wiki zake mbili, mbali na kuitwa ghafla. Wapo wake na waume wa wanajeshi. Na wapo watoto wao, hawa ndio wasioonekana kabisa: binti wa miaka 18 aliyebadilisha shule kila baba alipohamishwa, anasoma kwa hela ya utumishi wa baba, na wala haivai sura ya jeshi popote. Hao wote wameandikwa kwenye kamati yako.

Na usidhani wewe ni mgeni peke yako katika habari hii. Kati ya 2009 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowachukua wageni wasio na hata kadi ya ukaazi wa kudumu, mradi wawe na taaluma ya tiba au lugha jeshi linayoihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wanafunzi wengi wa Kenya walipita mlango huo na kupata uraia haraka. Paul Chelimo, yule aliyechukua fedha ya mita 5,000 kwa Marekani kwenye Olimpiki ya Rio 2016, alikuja Marekani kukimbia na kusoma chuo kikuu huko Greensboro, kisha akaingia jeshini kwa njia hiyo hiyo. Mpango ulisimamishwa 2016, lakini mwenye kadi ya ukaazi bado anaweza kujiunga, na ndiyo maana ukienda kanisa lolote la Wakenya upande huo wa Tacoma na Lakewood utamkuta kaka mwenye nywele fupi anayeaga mapema Jumamosi. Hawa wetu wana shida yao ya ziada: ofisi ya wageni chuoni inadhani ni wa ofisi ya maveterani, na ofisi ya maveterani inadhani ni wa ofisi ya wageni.

Sasa tuingie kwenye hela, kwa sababu hapo ndipo penye kilio.

Sheria inayowasomesha wengi wao inaitwa GI Bill. Ya kwanza ilisainiwa na Rais Roosevelt Juni 1944, vita ikiwa bado inapiganwa, na iliwapeleka vyuoni mamilioni ya vijana ambao wasingefika. (Mwaka huo huo babu zetu wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na hakuna sheria ya namna hiyo iliyowasubiri Tanganyika wala Kenya. Hata Wamarekani weusi wengi walirudi wakakuta milango ya vyuo na benki imefungwa, ingawa karatasi ilisema ni haki yao. Nikikumbuka hilo huwa napata hasira, lakini tuendelee.) Inayotumika zaidi leo ilianza kulipa Agosti 2009. Aliyetimiza muda kamili wa utumishi anapata miezi 36 ya masomo: ada inakwenda moja kwa moja chuoni, vitabu anapewa hadi dola 1,000 kwa mwaka, na yeye analipwa posho ya makazi kila mwezi, inayokadiriwa kwa kiwango cha sajenti mwenye wategemezi kufuatana na mahali chuo kilipo.

Ukisikia hivyo utasema hawa wamepata. Ngoja uone inavyolipwa. Posho inakuja baada ya mwezi kwisha. Muhula wenu wa vuli unaanza mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba mtu anapata siku chache tu za Septemba, na hela ya mwezi mzima haioni mpaka Novemba, wakati mwenye nyumba anataka chake tarehe mosi. Kisha siku za likizo kati ya muhula na muhula hazilipwi kabisa. Muhula ukiisha katikati ya Desemba, kinachoingia mwanzoni mwa Januari ni nusu ya Desemba. Wakenya huiita Njaanuari, na kwa mwanafunzi mwenye mke na watoto wanaoitegemea posho ile, neno hilo halina utani.

Halafu kila mwezi anatakiwa kuthibitisha kwa Wizara ya Maveterani kwamba bado anasoma. Wengi huletewa ujumbe mfupi wa simu, wanajibu ndiyo, basi. Ujumbe ukipuuzwa miezi miwili mfululizo posho inasimama. Kamuulize yule baba kama amebadilisha namba ya simu hivi karibuni. Dirishani kwangu hicho ndicho kilichokuwa kisa cha nusu ya vilio vya Novemba, na kilitatuliwa kwa simu moja. Kisa kingine ni chuo chenyewe: kuna afisa ambaye kazi yake ni kuithibitishia wizara masomo aliyojiandikisha mwanafunzi. Afisa akichelewa, au akiwa mmoja kwa mamia ya wanafunzi, hela inachelewa.

Na hapa ndipo wewe, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, unaweza kuwaelewa kuliko seneta mwenzako aliyezaliwa Seattle. Unajua hofu ya kuacha somo moja ukashuka chini ya mzigo kamili wa masomo. Unajua kuhesabu masomo ya mtandaoni kwa vidole, kwa kuwa kwako ni moja tu kwa muhula linaloingia kwenye hesabu. Kwa mwenye GI Bill, akichukua yote mtandaoni posho inashuka hadi nusu ya wastani wa taifa, na akiwa na mzigo wa nusu au pungufu posho haipo. Akiacha somo katikati anaweza kudaiwa kurudisha. Kwa hiyo idara ikifuta ghafla darasa la jioni na kulihamishia mtandaoni, mwenzako mwingine atafurahi kulala nyumbani, na yule baba atapoteza kodi ya nyumba. Hilo ni jambo la seneta kusimama na kulisema kwenye kikao chenye mkuu wa taaluma, mapema, ratiba inapopangwa.

Muulize pia kama akaunti yake imefungwa asijisajili muhula ujao kwa sababu ada haijafika. Ikiwa wizara ndiyo iliyochelewa, na yeye alishawasilisha hati yake ya kustahili, sheria ya 2018 inakizuia chuo kumwadhibu kwa siku 90: hakuna faini, hakuna kumfungia maktaba, hakuna kumtoa darasani. Wakubwa wa ofisi hiyo wanaijua sheria. Kompyuta ndiyo haiijui, inafunga akaunti yenyewe usiku. Omba mtu wa ofisi ya fedha atajwe kwa jina, ambaye mwanafunzi akimwandikia anafungua siku hiyo hiyo.

Dirisha nalo lina dawa. Wizara ina mpango wa kuwalipa wanafunzi wanaotumia GI Bill, wanaosoma angalau robo tatu ya mzigo, kufanya kazi kwenye ofisi za maveterani za vyuo. Mshahara ni wa wizara, chuo hakitoi hata senti. Wewe huwezi kuiomba kazi hiyo, lakini unaweza kumbana mkurugenzi wa ofisi akaiombea watu wawili wakae dirishani hadi saa moja usiku siku mbili kwa wiki. Hawatakuwa na mamlaka ya kusaini. Watapokea karatasi, watajibu maswali, na mtu aliyetoka karakana atakutana na mwenzake badala ya pazia la chuma.

Kuhusu kijana wa Eldoret, hili ni la wiki hii, usilipeleke kwenye kamati.

Mwalimu anasema sheria yake ni moja kwa wote. Jimbo la Washington lina ya kwake, namba RCW 28B.10.270, na ya jimbo ndiyo kubwa. Mlinzi wa Taifa au askari wa akiba aliyeitwa kwa siku 30 au pungufu, iwe kwa amri ya jimbo au ya serikali kuu, ana haki ya kufidia darasa, testi au maabara aliyokosa, bila alama yake ya mwisho kuathirika. Akiitwa zaidi ya siku 30 anaweza kujitoa na kurudishiwa fedha, au kupewa alama ya kutokamilisha amalize akirudi. Huo mchanga wa siku tisa umo humo ndani. Mwambie achukue nakala ya amri iliyomwita na barua ya kamanda wake yenye tarehe, amwandikie mwalimu kwa heshima, aitaje sheria kwa namba yake, apendekeze siku mbili za kufanya testi. Mwalimu asipojibu kwa siku tatu, ampelekee dekani karatasi hizo hizo. Wewe uende naye kama shahidi, usiseme sana. Waalimu wengi hawana ubaya, hawajawahi kuiona hiyo sheria, na mtu aliyeelimishwa faraghani hujirekebisha vizuri kuliko aliyeumbuliwa.

Kisha ndiyo upeleke hoja kwenye baraza, iwe fupi, sentensi ya kuingizwa kwenye muhtasari wa kila kozi: "Mwanafunzi aliyeitwa kwenye utumishi wa kijeshi ana haki kisheria ya kufidia kazi na mitihani aliyokosa, awasiliane na mwalimu akipata amri, au akirudi kama hakupata muda." Hicho kipande cha mwisho usikubali wakifute. Mafuriko hayatoi notisi.

Huyu dada wa mume aliyeko Korea ndiye anayenisumbua moyo. Amesema "mimi ni mke tu" kwa sababu kila fomu anayokutana nayo inauliza kama yeye ni veterani, anaweka alama hapana, na hapo habari yake inakwisha. Badilisheni swali: je, wewe, mwenzi wako au mzazi wako mmewahi kutumikia jeshini, au mnatumikia sasa? Ukibadilisha swali hilo moja kwenye fomu ya usajili utashangaa watu watakaotokea, hasa wanawake, na wakiwemo wanawake waliovaa sare wenyewe lakini hawajioni kwenye picha ya veterani. Na ujue: kama anasoma kwa miezi ya GI Bill aliyohamishiwa na mumewe aliye kazini bado, ada inalipwa ila posho ya makazi hapati. Kwa hiyo anaposhindwa kulipa mtu wa kumwangalizia mtoto, si uzembe.

Mnatoa ada ya shughuli za wanafunzi, na katika jimbo lenu wanafunzi wana sauti kisheria jinsi inavyogawanywa. Muulize mshauri wenu kinachoruhusiwa, kisha piga hesabu ya ukuta wa heshima dhidi ya saa za jioni za chumba cha watoto, au chumba cha kusomea ambacho mtoto wa miaka mitatu mwenye kalamu za rangi hafukuzwi. Mimi ukuta nisingeupigia kura. Lakini kura yangu si kitu, wala yako peke yako. Kabla ya mwezi wa pili waite wenyewe, yule baba, dada, kijana, na mtoto mmoja wa mwanajeshi ukimpata, waonyeshe namba zote na uwaulize wangependa nini. Wakisema ukuta, jenga ukuta. Sidhani watasema.

Bora zaidi, omba kanuni ibadilishwe kamati iwe na viti vyao vya kudumu vyenye kura. Kuna umoja wa kitaifa, Student Veterans of America, ulioanzishwa 2008, wenye matawi kwenye vyuo vingi. Angalia kama lenu lipo au limelala. Matawi hulala kila viongozi wakihitimu, na kwenye chuo cha miaka miwili hilo hutokea haraka. Wewe uwe mtu wa kuweka chumba, kulipia chai na kuandika kumbukumbu. Mwenyekiti awe mmoja wao.

Juu ya sherehe sitasema mengi. Umejifunza la maputo. Usimwombe tena mtu asimulie vita mbele ya hadhara, asubiriwe ataje mwenyewe. Swali la "uliwahi kuua?" ukilisikia likiulizwa chuoni, likatize, na mwalimu anayemgeukia veterani darasani amwulize maoni ya Iraki kwa niaba ya jeshi zima naye aambiwe. Kuna mafunzo mafupi yanaitwa Green Zone, yalianzia Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, yanawafundisha wafanyakazi na waalimu mambo haya kwa saa chache. Chuo chenu kinaweza kuyaandaa. Na Siku ya Maveterani ni ya wote waliotumikia, lakini ile ya Jumatatu ya mwisho ya Mei ni ya waliokufa. Mei hakuna kumtakia mtu sikukuu njema mpaka ujue alimzika nani.

Jambo moja uliweke kwenye simu yako leo. Mtu akikuambia halali, au anaongea kama anayeaga, wewe si daktari. Kaa naye, piga 988 kisha bonyeza 1, ni laini ya maveterani walio katika dhiki, usiku na mchana, na hata wewe unayemhofia mwenzio unaweza kuipiga.

Rafiki yako wa Goma usimshawishi. Ana sababu zake na hazihitaji kamati. Mwahidi tu kwamba gwaride lenye bunduki, hata za maonyesho, halitapita ukumbini bila tangazo la mapema, ili achague njia nyingine siku hiyo. Utakuta na baadhi ya maveterani wako watashukuru kwa tangazo hilo hilo.

Wanaokuita kibaraka waulize wana neno gani kuhusu sifuri ya kijana wa Eldoret. Vita vya Marekani unaweza kuvipinga mchana kweupe, na kuna maveterani watakaoungana nawe, wengine kwa hasira kuliko yako. Kumtafutia mtu saa ya dirisha si kuunga mkono vita. Wasipoelewa, jitoe kwenye kundi upunguze kelele za simu.

Kujiuzulu hapana. Ungekuwa umekabidhiwa michezo usingeandika barua ndefu hivi. Kama bado unaona aibu ya kuwa mgeni, kumbuka unaomba sheria zao zifuatwe, na hilo halina uraia.

Muhula wenu unakwisha katikati ya Desemba na alama zikishafungwa kuzifungua ni kazi nyingine. Nakala ya amri ya kijana iwe mezani kwa mwalimu kesho asubuhi. Ukitoka hapo mpitie yule baba karakana, umuulize habari ya namba ya simu.